Wasa ya Saba

Osoro hakuwa mtu wa kuomba, hata chumvi. Ukimwona amesimama mlangoni kwako na kofia mkononi, ujue jambo limemshinda. Siku hiyo alisimama kwangu akaniuliza kama ni kweli wanawake wanaruhusiwa kwenye kile kikao cha pikipiki cha Jumapili, kwa sababu kama wanawake wanaruhusiwa, basi labda na yeye, mtu wa kifua kibovu, hatafukuzwa.

"Baba Valentine," nikamwambia, "kile ni kikao cha wenye pikipiki, sio cha wenye vifua. Kuja."

Alikuja Macalder kutoka Nyamira akiwa na miaka kumi na tisa, kufuata dhahabu kama wale wengine wote. Miaka kumi na nane alishuka shimoni, akavunja mawe, akavuta vumbi lake. Alitoka huko na vitu vitatu: kikohozi, pikipiki moja kuukuu, na mtoto. Mama wa mtoto, Milka, alikuwa mtu wa Isebania. Valentine alipofika miaka mitatu alishikwa na homa, na homa ilipoondoka ikaondoka na nguvu za miguu. Milka akavumilia mwaka mmoja. Halafu akasema anaenda kwao kusalimia, na salamu zenyewe hazijaisha mpaka leo.

Shule tatu za karibu zilimkataa Valentine kwa adabu. Moja ngazi, nyingine choo kiko mbali, nyingine walimu hawatoshi. Ya nne, kilomita kumi na moja kuelekea Migori, mwalimu mkuu alisema tu, "Mlete." Osoro akachukua kiti cha plastiki, akakikata miguu, akakifunga kwenye keria ya pikipiki kwa vipande vya tyubu. Kila asubuhi Valentine anapanda hapo, anafungwa kiunoni, wanaenda. Watoto njiani wanamwita Malkia naye anawapungia mkono kama malkia kweli. Alikuwa gredi ya sita na mdomo wa mtu wa miaka sitini. Aliwahi kuniambia samaki zangu zinanuka kuliko maswali ya hesabu.

Kwa hivyo mambo yalikuwa hivi, hakuna kona: pikipiki ikienda, Valentine anasoma. Pikipiki ikisimama, Valentine anakaa nyumbani.

Na pikipiki ilikuwa inatoa moshi wa buluu.

Kikao chetu kilianza kwa sababu ya hasira. Kulikuwa na fundi mmoja, simtaji, aliyekuwa na tabia ya kukutolea kabureta nzima na kukuwekea ya marehemu. Mimi aliniwekea. Pikipiki yangu inabeba samaki kutoka ziwani, na kwa mwezi mzima ilikuwa inakohoa kuliko Osoro. Ndipo Joash akasema, kwa nini tusifundishane? Joash ni mtu wa Kendu Bay, ameendesha bodaboda miaka kumi na mitano mpaka mgongo ukakataa, na injini anaijua kama wewe unavyojua sufuria yako. Tukamwita Japuonj, mwalimu. Jumamosi haikufaa kwa sababu watu wa Sabato, Osoro akiwa mmoja wao, hawashiki spana siku hiyo. Tukaweka Jumapili, Wakatoliki wakitoka misa.

Sheria ilikuwa moja. Pikipiki inaguswa na mwenyewe tu. Mwalimu anakaa kwenye stuli yake, hatua tano mbali, anafundisha kwa mdomo. Ukikosea umekosea na mkono wako, na siku ukikwama porini mkono huo huo utakutoa. Tuliipenda sana hiyo sheria. Tuliona tuna akili.

Tukifungua kitu, kila kipande kilipangwa kwenye gunia kwa mstari vile kilivyotoka, na mbele yake inawekwa karatasi ya boksi yenye namba. Moja, mbili, tatu. Wakati wa kurudisha unaanza na ya mwisho, unarudi nyuma. Kazi ya kuandika namba ilikuwa yangu, kwa sababu nilifika darasa la saba na namba zangu zinasomeka.

Jumapili ya Osoro tulikuwa watu kumi na mmoja. Japuonj alisema moshi wa buluu ni vimpira vya valvu vimechoka, lazima kichwa cha injini kitoke. Osoro akashika tanki la pikipiki yake.

"Kichwa chote?"

"Sasa unataka kitoke nusu?" akauliza Gichana, Mkuria wetu, ambaye Mungu alimpa mdomo kwanza, mengine akayaongeza baadaye.

Osoro akafungua. Mikono yake ilikuwa mizuri, ya mtu aliyezoea kupapasa gizani. Plagi, namba moja. Kifuniko, namba mbili. Akaendelea hivyo, mimi naandika, mpaka akafika kwenye zile nati nne za kichwa. Chini ya kila nati kuna wasa, kile kipete bapa cha chuma cha kuzibia. Wasa nne zikatoka: namba sita, saba, nane na tisa. Zote zilikuwa nyeusi kwa oili na masizi.

Katikati ya kazi Gichana akachoka kukaa kimya. "Japuonj," akasema, "hebu sema 'shati la shangazi'."

Joash, bila kufikiri, akasema, "Sati la sangazi."

Yawa, tulicheka! Mimi ni Mjaluo kama yeye, na ulimi wangu wenyewe nilipigwa viboko na mwalimu wa Kiswahili mpaka ukanyooka, kwa hivyo nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Tena, Japuonj! Sema 'shimo la shetani'!"

"Mumekuja kujifunza Kiswahili au pikipiki?" Joash akauliza. Hakuwa anacheka. Kuanzia hapo akafupisha maneno. Mtu aliyekuwa akieleza jambo mara tatu sasa alilisema mara moja na kutazama barabara.

Vimpira vipya vikaingia. Kichwa kikarudi juu. Osoro akanyoosha mkono kwenye zile wasa, akainua macho.

"Japuonj, hizi ziko na mahali yake?"

"Tatu popote. Lakini hapo ndani, upande wa cheni, oili inapandia hapo. Hapo weka ya saba."

"Ya saba?"

"Ya saba! Hapo hakuna ingine inaziba."

Osoro akatazama gunia, akatazama karatasi zangu. Nikaona anataka kuuliza tena. Nilimwona kabisa, midomo ilikuwa imeshafunguka.

"Omera, ndugu yangu," Gichana akamwambia, "hata kuhesabu mpaka saba ni kazi? Mwite Valentine akusaidie."

Tukacheka tena. Osoro akafunga mdomo. Akachukua wasa iliyokuwa mbele ya namba saba, akaifuta, akaiweka upande wa cheni, akakaza.

Injini ikawaka kwa teke la pili. Moshi hakuna. Watu wakapiga makofi, na Osoro akasimama pale na mafuta mpaka viwikoni akitabasamu kama bwana harusi. Jumatatu asubuhi walipopita kwangu, Valentine alipiga kelele kutoka kwenye kiti chake, "Mama Elvis! Sisi hatunuki moshi tena! Umebaki wewe na samaki!"

Wiki tatu walipita hivyo. Baadaye ndio nilisikia kwamba Osoro alikuwa anaona unyevu kidogo kwenye mapezi ya injini, pale juu, na harufu ya kuungua. Alikuwa anaufuta na kitambaa. Alidhani ni oili iliyomwagika siku ile ya kazi. Angetuuliza Jumapili, lakini Jumapili ya kwanza kulikuwa na mazishi, ya pili ikanyesha mvua kutwa, na ya tatu alikuja, akatusikiliza tukicheka, akaenda.

Siku ya Jumanne nilikuwa natoka ziwani na ndoo mbili za omena. Kwenye kile kilima kabla ya daraja nikaona pikipiki imesimama kando. Osoro alikuwa amekaa chini kwenye majani, mikono juu ya magoti, anatafuta pumzi. Valentine alikuwa bado amefungwa kwenye kiti, na yunifomu yake na begi mapajani.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Imepiga kelele, halafu ikashika," Osoro akasema. "Teke halishuki. Imechoka tu. Ipoe kidogo."

"Imekufa," akasema Valentine. "Baba anasema imechoka, lakini imekufa. Nilisikia chuma kinalia."

Nikashika lile teke la kuwashia kwa mkono. Lilikuwa gumu kama limechomelewa. Nikachomoa kijiti cha oili na kilitoka kikavu.

Nilishusha ndoo zangu porini nikamchukua Valentine, nikamfunga mgongoni kwangu kwa leso, nikampeleka. Mwanzo wa safari alikuwa anaongea. Kwenye lango la shule akaniuliza, "Mama Elvis, jioni nani ananichukua?"

"Mimi."

"Na kesho?"

Nikamwambia tumechelewa, nikambeba mpaka darasani.

Jumapili iliyofuata tuliisukuma pikipiki mpaka kwenye kikao. Siku hiyo sheria ilivunjwa. Joash alitoka kwenye stuli na mgongo wake mbovu, akapiga magoti, akafungua mwenyewe. Pistoni ilikuwa imeganda kwenye silinda. Shafti ya juu imeliwa. Mkono wa pistoni umepinda. Akazichukua zile wasa nne, moja baada ya nyingine, akazikwaruza kwa kucha. Ya kwanza nyeupe, chuma. Aliyoitoa upande wa cheni, nyeupe, chuma. Ya tatu chuma. Ya nne, iliyotoka upande wa nje, ikang'aa nyekundu chini ya masizi.

Akaishika juu.

"Osoro. Nilikwambia uweke ya saba."

"Niliweka ya saba, Japuonj."

"Hii ndiyo ya saba!"

"Hapana. Hiyo ilikuwa ya tisa. Mama Elvis ndiye aliandika."

Joash akatazama ile wasa, akanitazama mimi, akamtazama Osoro. Niliona jambo likimwingia usoni polepole.

"Sio saba ya kuhesabu," akasema. "Saba. Ile nyekundu. Ile ya waya wa stima. Sa... Saba." Akajaribu tena. Ulimi ukakataa. Watu kumi na mmoja tulikuwa hapo na hakuna aliyecheka. Gichana alikuwa ameangalia viatu vyake.

"Shaba," nikasema mimi.

"Eeh," akasema Joash. "Hiyo."

Na mimi ningeweza kuisema hivyo hivyo siku ile ya kwanza. Nilikuwa nimekaa hapo, ulimi wangu uko sawa, naijua shaba na naijua saba. Nilisikia Joash akisema "saba", na nikaelewa shaba. Ndiyo maana sikushtuka. Niliona mkono wa Osoro unaenda kwenye namba yangu, nikadhani shaba ndiyo imekaa pale. Nilikuwa na kicheko mdomoni, sikuwa na nafasi ya kitu kingine.

Osoro hakulaumu mtu. Heri angetukana. Alikusanya vile vyuma kwenye gunia, akasema, "Basi," akaenda akikohoa. Injini nyingine kwake ilikuwa kama kuota ndege. Gichana aliuliza mpaka Homa Bay mjini kama kuna kichwa cha mtumba cha aina ile. Kilikuwepo, lakini kichwa peke yake hakisaidii kama chini kumekufa.

Tukaweka zamu. Jumatatu Gichana, Jumanne mimi, Jumatano fulani, mpaka Ijumaa. Wiki ya kwanza hakukosa mtu. Wiki ya pili wa Jumatano alipata mteja wa kwenda Migori. Wiki ya tatu Gichana alianguka na kuumia bega, ukweli aliumia, lakini wa kushika zamu yake hakupatikana. Wiki ya nne samaki zilikuwa nyingi na mimi nikasema Jumanne hii tu, wiki ijayo nitampeleka. Sikumpeleka. Joash alijitolea, lakini kwa mgongo ule hata kwenda chooni ni safari.

Osoro mwenyewe alimbeba mgongoni siku tatu. Siku ya tatu alifika nusu ya njia, akatema damu, wakarudishwa na lori la mchanga.

Mtihani wa gredi ya sita ulipita mwezi wa kumi. Mwalimu mkuu alituma ujumbe kuuliza. Osoro hakujibu. Alikuwa amerudi shimoni Macalder, na kifua kile, kwa sababu hakuna kazi nyingine inayomchukua mtu bila kumpima. Anashuka alfajiri, anatoka jioni. Anasema atachimba mpaka apate ya injini. Mimi nikimtazama naona mtu anayejichimbia mahali pake, na hakuna aliyemwambia, hata mimi sijamwambia.

Kikao kimekufa bila kufungwa. Jumapili moja walikuja wanne, nyingine wawili, halafu stuli ya Joash ikawa inakaliwa na kuku.

Mwanzoni Valentine alikuwa anavaa yunifomu kila asubuhi na kukaa mlangoni kwao, pale kando ya barabara. Nikipita na ndoo zangu ananiita kutoka mbali, "Mama Elvis, leo ni wewe?" Nami najibu, "Kesho, mama, kesho." Nilijibu hivyo kama mara nane. Kisha akaacha yunifomu, akawa anakaa na gauni la nyumbani. Jumatatu hii nimepita taratibu kabisa, nimepiga na honi. Alikuwa mlangoni, anachambua mboga kwenye ungo. Aliisikia pikipiki yangu, anaijua sauti yake. Hakuinua kichwa.