Rangi Iliyokula Ndege

Juzi jirani yangu alikuwa anapuliza rangi kwenye geti lake jipya. Upepo ukaileta ile harufu mpaka jikoni kwangu, nikaepua sufuria, nikatoka nje kutema mate. Wapo wanaoipenda, wanasema inanukia upya. Mimi hunikaba kooni kama ndizi zilizovundia ndani ya mafuta ya taa, na hapo hapo namwona baba mdogo Ngassa anamega ugali kwa vidole vya rangi ya fedha.

Nyie mnaosoma mtanivumilia. Kisa chenyewe ni cha ndege ya plastiki iliyoweza kukaa kwenye sinia.

Baba yetu alikuwa fundi wa kupaka magari rangi pale Majengo, Mpanda, miaka ya tisini. Mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza viboko upande wa Sitalike alifurahishwa na gari lake lilivyopakwa, akampa baba boksi la vipande vya plastiki vya kijivu, vya kuunganisha mpaka viwe ndege ndogo. Baba aliviunganisha kwa gundi, taratibu, mdogo wangu Masanja akishikilia mabawa yasianguke. Ikabaki rangi. Na hapo baba, mtu wa kumaliza gari zima bila kukuna kichwa, akaanza kusitasita. Ile fremu ya plastiki iliyokuwa imeshikilia vipande kabla havijakatwa aliipuliza rangi moja huku na nyingine kule, akaianika, kesho yake akaiminya kwa ukucha.

"Plastiki siyo bati," alimwambia Masanja. "Rangi ya gari inang'ata ndipo inashika. Bati linavumilia kung'atwa. Hii italiwa."

Rangi zote mbili zilishindwa. Alikuwa amepata nyingine nyepesi, ya kuchanganya na maji, lakini hakuwahi kuijaribu. Aliugua, akaondoka kama mama alivyoondoka kabla yake. Mimi nilikuwa nimeshaacha shule nikiwa darasa la sita, kwa ajili ya kumuuguza mama, na sikurudi tena.

Katika ukoo wetu, siku ya kumaliza msiba vitu vya marehemu hugawanywa, na watoto nao hutafutiwa pa kukaa. Ila mtoto aliyefikia umri wa kuchunga ndama huulizwa mbele ya watu wote, na jibu lake halipingwi. Mimi nilishaambiwa nitabaki na nyumba, kwa kuwa shangazi alikaa mtaa huo huo. Masanja, mwenye miaka saba, ndiye aliyegombewa. Baba mdogo alikuwa na ng'ombe wengi huko bondeni na hakuwa na mtoto wa kiume. "Kwangu atakunywa maziwa mpaka atapike," alisema. Shule hakuitaja. Nami nilikuwa nimejiapiza kwamba shule niliyoiacha mimi, Masanja ataimaliza.

Baba mdogo alitangulia kufika kabla ya kikao. Alipenga kamasi kwa vidole na kuzipaka kwenye nguzo ya mlango. Alichokonoa meno kwa ufunguo wa sanduku la kazi la baba, akakitazama ulichotoa, kisha akafungulia sanduku kwa ufunguo ule ule. Akamwona Masanja na ndege yake.

"We Masanja, hii mbona iko uchi?"

"Baba alikuwa anaitafutia rangi."

"Rangi inatafutwa? Rangi ni rangi! Nikikuvalishia ndege yako, tunakwenda wote kwangu?"

Masanja akanitazama, akaitazama ndege, akaitikia kwa kichwa.

Kwenye sanduku akatoa kopo la kupuliza, rangi ya fedha ya ringi za magari. Nikasema, "Baba mdogo, baba alisema plastiki siyo bati."

"Wewe mama, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La sita."

"Mimi la pili, na ng'ombe ninao!" Akacheka mpaka akakohoa, akalitikisa kopo, akapuliza karibu karibu kama mtu anayeua mende.

Kwanza iling'aa. Hilo ndilo linalonichefua zaidi mpaka leo, kwamba kwa kitambo kidogo ilikuwa nzuri kweli, na Masanja akapiga makofi. Kisha ngozi ya ndege ikaanza kukunjamana kama utando wa maziwa. Bawa moja likainama taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani. Nzi akatua, hakuruka tena.

"Itakauka tu," alisema baba mdogo, akakaa kula bila kunawa. Kila tonge lilipata alama ya fedha, naye akalamba vidole. Mimi nililala na njaa.

Asubuhi haikuwa imekauka. Unyoya wa kuku ulikuwa umeganda mgongoni pake. Masanja alipoiinua, plastiki ikavutika kutoka kiganjani kama mlenda. Baba mdogo akatemea mate kidole gumba, akajaribu kuinyoosha, na alama ya gumba lake ikabaki tumboni mwa ndege. Mama mmoja wa jirani akachungulia, akauliza, "Hiyo ni ndege, au kambare aliyevuliwa juzi?"

"Plastiki yenyewe mbovu," alijibu baba mdogo.

Kikao kilikaa siku hiyo hiyo. Shangazi, dada mkubwa wa baba, akamwita Masanja katikati ya mkeka. "Haya, baba, utakaa kwa nani?" Baba mdogo akapigapiga mkeka ubavuni pake kwa kile kiganja cha fedha. Masanja akakitazama, akakunja pua.

"Kwake sitaki. Ananuka."

"Ananuka nini, mwanangu?"

"Ananuka ndege yangu."

Wazee wakacheka, hata shangazi akajiziba mdomo kwa khanga. Masanja akaja kusimama nyuma yangu. Baba mdogo akapewa baiskeli ya marehemu, akaondoka nayo amenuna. Sijui kama alikuwa mtu mbaya. Nadhani alikuwa na kopo moja tu duniani, na kila alichokipenda alikipaka hilo.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwa watu kwamba mdogo wangu alinichagua mbele ya ukoo. Masanja alipomaliza kidato cha nne nilimkumbusha, akacheka. "Dada, sikukuchagua. Nilitaka tu kutapika, na wewe ndiye uliyekuwa mbali naye."

Iliniuma. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mtoto wa miaka saba hachagui, hukimbia tu. Kunichagua kulikuja polepole: alipoumwa malaria akaniita jina, aliporudi na matokeo yake mkononi akapita nyumba zote bila kusimama, akanitafuta mimi shambani.