Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Miaka ya foleni, sabuni ilipoadimika, tulifulia majani ya mpapai, na mama mkubwa hakuwahi kuisahau. Biashara huria iliporuhusiwa, maduka ya Wahindi mjini Morogoro yakajaa sabuni za kila rangi, naye akazinunua kama mtu anayelipiza kisasi. Alikuwa dada wa mama yangu, tena kungwi anayeheshimika kule kwetu Mgeta. Mwali akitolewa ndani na yeye, watu walijua amefundwa.

Mdogo wangu alipochumbiwa na dereva wa lori la kabichi, mama mkubwa aliteremka mlima kuja kumfunda nyumbani kwangu mjini. Alikuja na pakiti ya sabuni nyekundu inayonukia dawa. Nilijua ni ya nini, maana hata mimi alinifunda yeye: mwanamke ajisafishe ndani kwa sabuni, kila siku, abaki mkavu.

Niliogopa. Wachumba walikuwa wamepima ukimwi na wote wawili walikuwa salama, lakini lori lilikuwa likilala Kariakoo, na miaka ile tulikuwa tumezika vijana wengi mno. Nilifanya kazi katika maabara ya maziwa chuoni. Nilijua kuna bakteria wema, ndugu wa wale wanaogandisha mtindi, wanaoishi ndani ya mwanamke na kuweka uchachu unaosaidia kuzuia magonjwa. Sabuni inawaua, na hapo ukimwi unapata njia rahisi zaidi.

Nikamweleza yote hayo. Nikamwambia hata kwamba huko ng'ambo wataalamu wanajaribu kuwabadilisha bakteria hao, wapate uwezo wa kutengeneza kitu cha kukinasa kirusi pale pale mlangoni, mume na mke wanapokutana.

"Wanawafunda wadudu?" aliuliza.

"Ni kama hivyo, mama mkubwa."

"Na kungwi wao ni mwanamke?"

"Sijui."

"Basi wakishafundwa utaniita. Kwa sasa niachie mwali wangu."

Nilikasirika sana. Mimi nikikasirika hununa, kwa hiyo nilikwenda kazini bila kuaga.

Aliona nimenuna, akataka kunifurahisha. Jikoni palikuwa na kibuyu changu cha mtindi, ambacho sikukigusisha sabuni hata mara moja. Nilikuwa nabakiza mtindi kidogo ndani yake, wa kugandishia maziwa mapya. Yeye alikiona kichafu tu. Alikisugua kwa ile sabuni nyekundu mpaka kikanukia hospitali, kisha akamimina maziwa.

Baada ya siku mbili tulikaa kula, mdogo wangu akainamisha kibuyu. Yalitoka maji ya njano yenye utelezi na harufu iliyotufukuza mezani. Mama mkubwa, ambaye hakupenda kitu chochote cha mjini kuliko mtindi wangu, alinusa, akanusa tena.

"Mbona nilikiosha vizuri," alisema polepole.

"Ulikiosha vizuri, mama mkubwa. Na walinzi wa maziwa ukawaosha humo humo."

Mama mkubwa alikigeuza kibuyu mikononi. Kisha akakiweka chini, akamshika mdogo wangu mkono, wakaingia chumbani na kufunga mlango. Sikuruhusiwa kuingia, lakini ukuta ulikuwa mwembamba na sikio langu halina adabu.

"Nje, maji," nilimsikia akisema. "Ndani usiguse, kuna walinzi. Na mume akitoka safari, mpira avae, asikuletee maneno mengi."

"Lakini mama mkubwa, si ulisema bibi zetu walifunda hivyo hivyo, kwa sabuni?"

"Bibi zako sabuni wangeitoa wapi?"

Nilikaa kwenye kigoda jikoni nikacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Sikumbuki kama nimewahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yule mama siku ile. Alipoondoka aliniachia sabuni yote iliyobaki, nifulie mashuka.

Mdogo wangu alipopata mimba ya kwanza, alipimwa tena kliniki. Mama mkubwa aliteremka kuyasubiri majibu, akakaa kwangu na kikombe cha mtindi asichokinywa. Mdogo wangu akaingia anacheka: yeye na mumewe, wote salama.

Mama mkubwa alikunywa kikombe chote ndipo akanigeukia.

"Wale wadudu wako wa ng'ambo, wameshatolewa ndani?"

"Bado wanafundwa, mama mkubwa."

"Wangu ametoka," alisema, akaninyooshea kikombe nimwongeze.