Bwana Bati na Jina la Mama Mkwe

Mkitaka kucheka chekeni, lakini pole pole, maana hili jambo ninalowaambia leo bado likinijia nikiwa peke yangu kwenye cherehani masikio yananiwaka moto na mguu unasimama juu ya kanyagio. Nyinyi mnanijua kama fundi mkimya. Mnaniletea suruali, nachukua kipimo, nasema "Jumamosi", basi. Lakini waulizeni waliokuwa hapa Ruiru mwanzo wa Emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, watawaambia, hakukuwa na mdomo kama wangu kutoka hapa mpaka Thika.

Cherehani yangu ilikaa pale pale inapokaa leo, barazani kwa duka la Mhindi, miguu inakanyaga na mdomo nao unakanyaga. Kila jambo lililokuwa likiwagombanisha watu nilikuwa na maoni yake, uniulize usiniulize. Wasichana waliochoma nywele kwa kitana cha chuma wakanuka moshi kanisani, nilikuwa na neno lao. Vijana wa gitaa na suruali za kubana (ambazo nilizibana mimi mwenyewe na malipo nikala), wao pia. Wanaosema mahari ifutwe, wanaodai uhuru na bado hawajajua kumpisha mzee njiani, wote niliwafunga furushi moja nikawatupa. Nilitetea serikali, kanisa na mila ya wazee kwa pumzi moja, ingawa vitu hivyo vitatu vyenyewe havikupendana hata kidogo. Watu walikuja kushona kifungo kimoja wakakaa asubuhi nzima kunisikiliza.

Chifu naye akanisikia. Wakati huo tulikuwa tumeshahamishwa kutoka mashambani kwetu na kurundikwa katika kile kijiji kipya, nyumba zimebanana, handaki lenye miti iliyochongwa limetuzunguka, na homgadi, yule mlinzi mwenyeji aliyepewa bunduki na serikali, juu ya mnara anatutazama mpaka tukienda chooni. Chifu akasema watu wamenuna, wanahitaji mtu wa kuwaonya na kuwachangamsha, akanipa ile tarumbeta ya bati ya kusemea, niwe nawaambia watu neno kila Jumapili akimaliza baraza yake. Wakaniita Bwana Bati. Nililipenda jina hilo, siwafichi.

Sasa Jumapili moja nilikuwa sina neno. Nimesimama mbele ya watu, bati mkononi, kichwa kitupu, na watu wameshanyanyua nyuso wanangoja. Macho yangu yakamwangukia kijana mmoja, Karanja, mtu wa kuchuma kahawa kwa Mzungu, ameoa juzi juzi tu. Siku chache nyuma kulikuwa na msukumano kwenye bomba la maji, homgadi amefungua maji kwa muda mdogo, wanawake wanapigania zamu, na mama mkwe wa Karanja, mzee wa miguu mibovu, amesukumwa mpaka karibu aanguke. Karanja alimwona kwa mbali akapiga kelele, akamwita kwa jina lake kabisa, aondoke pale asikanyagwe. Mnajua kwetu mambo hayo yalivyo. Mwanamume na mama mkwe wake hupishana, ukimwona anakuja unaingia majanini, hamtazamani usoni, na jina lake hulitamki mpaka mmoja wenu azikwe. Hiyo ni heshima, na mimi ndiye niliyekuwa bwana wa heshima.

Basi nikaweka bati mdomoni. Nikasema, mwanamume anayemwita mkwewe kwa jina kama anayemwita mbuzi wa jirani, huyo arudishiwe ng'ombe wake na mke arudi kwao, kwa maana hakuoa, aliokota. Jamani, watu walicheka. Ilikuwa miezi mingi sijasikia kicheko katika kile kijiji, na nilijiona kama mtu aliyewagawia chakula, kwa hiyo nikairudia, nikamwigiza na sauti, mara mbili. Karanja alitazama chini. Mkewe aliinuka akaondoka, shuka amejifunika mpaka usoni.

Kesho yake, Jumatatu, mke wangu akashikwa na uchungu akapelekwa hospitali Thika, na mama yake akaja kutoka kijiji cha upande wa Kimbo, na pasi yake ya kusafiria imegongwa mhuri vizuri, amtunze mtoto wetu Wanjiku ambaye alikuwa hajatimiza miaka minne. Mimi nikahamia kulala kwa jirani, maana siwezi kulala chini ya paa moja naye. Ni kazi kumheshimu mkwe mahali palipobanana namna ile, nawaambieni. Yeye akitokea mbele mimi napitia nyuma kwenye upupu, akitaka chumvi anamtuma mtoto, nikitaka koti langu namtuma mtoto, na mtoto mwenyewe akifika nusu ya njia anasahau ametumwa nini. Lakini ugali wangu niliukuta umefunikwa kila jioni, moto, na maji ya kunawa pembeni. Hatukuwahi kusemezana hata neno moja tangu nimwoe bintiye, na bado nilijua ananipenda.

Alfajiri ya Alhamisi tukasikia filimbi. Wote nje, wote uwanjani, askari wamezunguka, malori mawili yamegeuzwa tayari kuelekea barabara ya Thika. Wanaume tukaambiwa tuvue mikanda tuitupe chini, mtu asije akapata wazo la kukimbia. Jirani yangu alikuwa na kipande cha kamba mfukoni akanipa nijifunge, nikakataa, nikamwambia fundi cherehani hafungi suruali kwa kamba kama gunia la mkaa. (Hiyo kamba mtaikumbuka baadaye.)

Tukaketishwa nyumba kwa nyumba. Nikamweka Wanjiku katikati, mimi nikampa yule mama mgongo, kama inavyotakiwa. Ofisa alikuwa Mzungu kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na mkalimani wake askari wa kutoka mbali ambaye mila zetu hazijui wala hazimhusu. Shida yao siku hiyo ilikuwa pasi za kuazimana. Watu walikuwa wakipeana pasi na kukariri jina lililoandikwa, kwa hiyo kumuuliza mtu jina lake mwenyewe hakukuwa na maana tena. Wakabuni hivi: ofisa anaishika pasi ya mtu mkononi, halafu anamuuliza mwenye nyumba, huyu anaitwa nani? Ukitaja sawasawa, mtu wako anabaki. Ukikosea, ni lori.

Wakafika kwetu. Yangu ikapita. Kisha ofisa akachukua pasi ya yule mama, akaisoma, akanitazama.

"Huyu ni nani wako?" mkalimani akauliza.

"Mama mkwe wangu, bwana."

"Jina lake."

Mbele yangu, nyuma yangu, kushoto na kulia, kijiji kizima kile kile cha Jumapili kilikuwa kimeketi chini kimetulia, na safu ya tatu nyuma yangu nilijua yuko Karanja, sikuhitaji kugeuka. Nikaanza kuzunguka. Nikasema huyu ndiye aliyemzaa mama watoto. Nikasema ni mjane wa fulani bin fulani, nikataja mto wa kwao, nikataja ukoo, nikataja mpaka mchungaji aliyembatiza. Maneno yalinitoka mengi kweli kweli, yote isipokuwa moja. Mkalimani akamgeukia bwana wake akamwambia kitu kifupi sana, nami nikajua ametafsiri kwamba simjui.

Homgadi mmoja, mtu wetu, akajaribu kusema afande, ni desturi yetu, ofisa akamnyamazisha kwa mkono bila kumtazama. Akarudia yeye mwenyewe kwa Kiswahili chake kibovu. "Jina."

Hapo ndipo Karanja aliposimama. Kijana niliyemvua nguo mbele ya watu siku nne tu zilizopita alisimama katikati ya bunduki akalisema lile jina, wazi, kwa niaba yangu, maana zamani aliwahi kuchuma kahawa pamoja na yule mama. Akapigwa kitako cha bunduki begani akaketi. Na badala ya kutuokoa ikawa mbaya zaidi, maana ofisa alionekana sasa ana hakika: ikiwa mtu wa safu ya tatu analijua jina na mkwe wa mtu halijui, basi hawa wamefundishana. Akaikunja pasi akaitia mfukoni.

Yule mama akamwachilia Wanjiku mkono. Akanigeukia, akanitazama usoni, mara ya kwanza katika maisha yetu, na mimi kwa mshangao nikamtazama. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho ambalo sikuwahi kulijua.

"Niite, mwanangu," akasema. "Leo nimekuruhusu."

Nikafungua kinywa. Nawaapieni nilifungua. Sauti iliyokuwa ikijaza uwanja ule bila hata bati ikakataa kutoka, na mnajua nilichokuwa nikifikiri? Sikuwa nikifikiri juu yake. Nilikuwa nikifikiri watakavyonicheka. Mwenye heshima yake ameniachilia kwa mdomo wake, na mimi bado naishikilia kwa ajili ya watazamaji. Askari wawili wakamshika mikono wakamnyanyua, naye hakupiga kelele, aligeuka tu akamwambia mtoto uji uko jikoni umefunikwa.

Lori likawaka. Likaanza kwenda. Na hapo, wakati jina halina faida tena, nikainuka nikakimbia nyuma ya lile lori nikipiga kelele, "Wairimu! Anaitwa Wairimu! Wairimu!" Sikufika mbali. Suruali isiyo na mkanda ikashuka magotini, nikaanguka kifudifudi vumbini, na kaptura yangu ya ndani, niliyoishona kwa mfuko wa unga na chapa ya kinu bado iko matakoni, ikaonekana na kijiji kizima. Bado nikawa naita. Nilikuwa nimeyakusanya yote mawili yanayokatazwa, jina na uchi, mbele ya mkwe wangu aliyeketi nyuma ya lori, uso ameuelekeza kwetu.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo ninalolisikia mpaka leo, kile kimya. Aliyeniinua ni Karanja, kwa mkono mmoja, mwingine umekufa ganzi, akanifunga suruali kwa kamba ya jirani kama mtu anayemvisha mtoto.

Nilikwenda kwa chifu, chifu akaniambia ungesema, Bwana Bati, wewe wa kukosa maneno? Nilikwenda mpaka lango la kambi walikowapeleka, nikafukuzwa. Mke wangu akarudi kutoka Thika na mtoto mchanga, msichana, akatazama jikoni, akatazama nyuma ya nyumba, kisha akaketi.

"Mama yuko wapi?"

Nikamwambia. Sikupunguza kitu, maana majirani wangemwongezea. Hakulia wala hakunitukana. Aliuliza, "Walitaka jina tu?" Nikasema ndiyo. Akamfungua mtoto mgongoni akamtia ziwani, na kwa muda mrefu sana baada ya siku hiyo aliniwekea chakula bila kunitazama.

Yule mama alikaa kambini mvua za masika na za vuli, zikaja za masika tena. Siku aliyoachiliwa aliletwa mpaka barabarani akatembea mwenyewe, anakohoa, na sikio moja halisikii. Sikuingia majanini. Nilisimama njiani mpaka akanifikia, akanipita taratibu akitazama chini, kama desturi inavyotaka, akaingia kwa bintiye. Heshima aliyonivulia uwanjani alikuwa ameivaa tena, na mimi sikuwa na ruhusa ya kuivua.

Kulikuwa na jambo moja nililotaka kulijua na nisiloweza kumuuliza. Mwishowe mke wangu ndiye aliyemuuliza, jioni moja wanamenya viazi na mimi niko upande wa pili wa ukuta: mama, siku ile ulimsikia akikimbia nyuma ya lori anakuita? Kisu kikasimama. Yule mama akauliza, "Kwani aliniita?"

Kijiji kizima kilinisikia. Homgadi juu ya mnara alinisikia. Injini ya lori ilikuwa na kelele.

Bati nilikuwa nimelirudisha kwa chifu zamani, na nikaapa sitashika tena kitu cha kunipazia sauti juu ya nyumba ya mtu mwingine. Msidhani nimegeuka, bado naamini mtoto ampishe mzee njiani, na nywele za kuchoma bado sizipendi, ila mkiniuliza nitawaambia Jumamosi, suruali yako njoo Jumamosi. Na yule binti wa pili, kwa kuwa ni wa pili, jina lake ni la nyanya yake mzaa mama, kama tunavyoitana kwetu. Akina baba wengi hulikwepa jina la namna hiyo, humwita mtoto "mama" na kupita. Mimi namwita Wairimu. Namwita kutoka mlangoni, kutoka shambani, kwa sauti ile ya zamani yote, mpaka jirani analalamika. Mara nyingine mtoto yuko mbali hasikii, na kutoka jikoni, kwa lile sikio lake moja, yule mama anaitika, "Niko."

Huwa simsahihishi.