Kioo cha Mama

Mamangu hakuwahi kupigwa picha ila ile ya kitambulisho, na hiyo aliichukia. Nami sijui kutulia na jambo. Nikilitaka, hulizunguka mpaka nilipate au niugue. Nilitaka sura yake, maana alikuwa akipungua kila wiki, na daktari alikuwa ameacha kunitazama machoni.

Kila nilipoinua simu alijifunika mtandio. "Hiyo simu yako yaenda mbio na nyuso za watu," alisema. "Leo niko hapa Kuze, kesho niko Dubai."

Basi nikaleta kamera ya kukunja niliyoipata katika duka la vitu vikuukuu, na lenzi zake mbili, fupi na ndefu. Ukifungua kifuniko, ngozi yake hujikunjua na lenzi hutoka mbele. Haitumii filamu. Hutumia kioo kilichopakwa dawa, kimoja kwa kila picha. Nilimwonyesha kimoja kilichokwisha kutumika, akakigeuzageuza.

"Kwa hivyo sura yangu itakaa humu tu?"

"Humu tu, Mama."

"Basi nipige. Lakini usitoe picha ya karatasi, na nikifa ukivunde vipande vipande. Sitaki macho ya watu juu ya nywele zangu."

Nilikubali upesi. Ningekubali lolote siku hiyo.

Akavua mtandio, akachomeka asumini nyweleni. Mimi nikajifunika buibui lake kuukuu kichwani, nipate giza la kuona kwenye kioo cha nyuma ya kamera, ambako mtu huonekana miguu juu. Lenzi fupi ikanipa chumba kizima: kitanda, chupa za dawa, ndoo. Sikuvitaka. Nikaichomoa nikatia ile ndefu, uso ukajaa, nikaona umejaa mno. Nikairudisha fupi. Nikaitoa tena.

"Mwanangu, tulia basi," akasema. "Mgonjwa ni miye."

Nikapiga kwa ile ndefu. Kioo nilikisafisha kwa dawa bafuni, gizani, na kilipokauka tukakiinua dirishani. Humo cheusi huwa cheupe na cheupe huwa cheusi, kwa hivyo mvi zake zote zilikuwa nyeusi ti. Alicheka mpaka akakohoa. "Ewe, nimerudi kigori!"

Alifariki kabla ya Ramadhani. Hitima ilipokwisha, dadangu, aliyejua ahadi ile, alinifuata jikoni. "Ushakivunda?" Nikasema bado. Nikaenda ufukweni Mama Ngina, nikarudi bila hata kuketi. Nikaenda Makupa, sina shughuli Makupa, nikarudi. Zaidi ya mara moja nilikiinua kile kioo dirishani na simu iko mkono wa pili. Nani angejua? Nilimkasirikia, ndiyo, nilimkasirikia maiti. Kwa nini aninyime uso niliozaliwa nikautazama kabla ya mwingine wowote? Kisha nikamkumbuka akivua ule mtandio mbele yangu, bila kuniuliza mara mbili, nikaiweka simu chini.

Asubuhi moja nilikifunga kioo katika leso yake, nikakilaza sakafuni, nikachukua mchi. Nilipiga mara moja, nikafungua nitazame. Kilikuwa kimepasuka vipande viwili tu, na uso wake wote ulikuwa umebaki kwenye kimoja, mzima, unanitazama.

Nikaifunga leso upya, nikainua mchi.