Punje Nyekundu

Nilipokuwa nafanya utafiti wa shahada ya pili katika mashamba ya ngano ya serikali, Jumapili zangu zilikuwa za kuchora ndege. Jumapili moja, karibu na Gitting, nilikuta njiwa sita wamekufa barabarani. Midomoni walikuwa na punje nyekundu za mbegu iliyopakwa sumu, iliyomwagika kutoka kwenye trela. Nilikimbia hadi nilikopanga.

Mama mwenye nyumba alikuwa anasugua sufuria.

“Shikamoo, mama. Umepika nini?”

“Marahaba. Ngano niliyookota barabarani. Usiogope rangi, msomi wetu. Nimeiosha mara tatu, ikatakata.”

Nikauliza watoto wako wapi.

“Wamekula, wamelala,” akasema. “Leo wametulia, hata nashangaa.”