Jagi la Zambarau na Jicho la Mume Wangu

Admin, jina langu lifunike vizuri, maana mume wangu naye anaufuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mtu wa Tanga, niko Doha. Nafanya kazi za ndani kwa mama mmoja wa Kimarekani kule Al Wakrah. Mume wangu ni dereva, na tulikuwa tukiishi chumba kimoja Fereej Bin Mahmoud.

Bosi wangu anapenda mno vyombo vya kioo vya zamani vya kwao, vile vizito vilivyokandamizwa kwenye kalibu vikatoka na maua ubavuni. Sikukuu moja ya Idi akanipa jagi, jeupe kama maji. Mume wangu alilipenda hata akawa hanywi maji mpaka yatoke humo. Mama yake alipougua akaenda nyumbani kumuuguza, akakaa huko kiangazi chote. Mimi nikalitia maua ya plastiki, nikaliweka kibarazani, jua likilipiga kutwa.

Aliporudi hata viatu hakuvua. Aliingia kutoka kibarazani kalishika mkononi.

"Jagi letu jeupe liko wapi?"

"Si hilo hapo ulilolishika?"

"Hili la zambarau! Nani kakununulia?"

Nikalitazama. Wallahi lilikuwa zambarau, na mimi ninayelipita kila siku sikuliona likibadilika. Nikabaki mdomo wazi, naye akajua kanikamata.

Akalibwaga zuliani, akanipiga ngumi iliyoning'oa jino. Akanibamiza ukutani, akanikalia kifuani, akanikaba kwa mtandio wangu mwenyewe. "Mtaje! Mtaje huyo bwana wako!" Ningemtaja nani, na pumzi sina? Nikapapasa, nikalipata jagi, nikampiga nalo usoni kwa nguvu zangu zote, nikarudia tena. Jagi lilibaki zima, jicho lake likapasuka.

Hospitali tulisema kaanguka bafuni, tusije tukafungwa wote wawili. Jicho halikupona.

Nikahamia kwa bosi na jagi langu. Alipoliona jagi akasikitika sana, akaniambia vioo vya kwao vya enzi zile vikikaa juani muda mrefu hugeuka zambarau vyenyewe. Nikamweleza mume wangu. Tangu hapo kila Ijumaa yuko getini analia: "Mke wangu, nilikosea. Kumbe lilikuwa lile lile! Rudi nyumbani, khalas, yaishe." Mama yangu naye kwenye simu: "Mwanangu, ukweli si umeshajulikana? Unangoja nini tena?"

Siwaongopei, bado nampenda, na lile jicho linanikosesha usingizi. Lakini Ijumaa iliyopita nilimuuliza, "Na kama kweli ningepewa na mwanamume?"

Machozi yakamkatika. Jicho lake lililobaki likanitazama vile vile lilivyonitazama akiwa amenikalia kifuani.

Ndugu zangu, kesho kutwa Ijumaa atakuja tena. Nishaurini, nimfungulie geti?