Memori ya Thelathini na Mbili

Mume wangu anatengeneza kompyuta Sharafiya, Jeddah, na mimi ni muuguzi Riyadh. Mikataba ya kazi ndiyo iliyotutenganisha, si ugomvi. Kila usiku baada ya isha tulikutana kwenye gemu: tunalima shamba la kwenye kioo, yeye trekta, mimi kuku, huku tunasikilizana kwa hedifoni.

Kompyuta yangu ilikuwa na memori ya gigabaiti nane, na ilikuwa haiwezi. Kila tukifungua shamba inakwama, kiduara kinazunguka wee, kuku hawatoki bandani. Mume wangu ilimuudhi. Alijiona kama fundi cherehani ambaye mkewe anatembea na nguo iliyofumuka.

"Memori ni meza ya jikoni," alinieleza. "Kabati ni kitu chengine. Meza ikiwa ndogo, ukishaweka unga huna pa kuweka nazi. N'takuletea thelathini na mbili."

"Gemu lenyewe linataka kumi na sita," nikamwambia. Nilikuwa nimesoma.

"Na simu hii tunayozungumzia humo humo kwenye kompyuta? Na mapicha yako uliyoyafungua? Kumi na sita itakutosha leo. Mie nataka ikutoshe na mwakani."

Mwanamume akishaamua kukupa kitu, mwache akupe. Vijiti viwili vya memori vikaja na msafiri, ndani ya boksi la tende, naye akanielekeza kwa simu mpaka nikavipachika mwenyewe. Shamba likafunguka kufumba na kufumbua. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Ila sisi watu wa Unguja salamu zetu hazina haraka. Hujambo, umeshindaje, kazi je, wa nyumbani je, mama je, na mguu wake je. Zote hizo tulikuwa tukizimaliza wakati kiduara kinazunguka. Sasa trekta linanguruma hata sijakaa sawa. "Fungua geti! Mahindi yameiva, yalla!" Tukishavuna, halas, kila mtu kitandani kwake, kesho kazi.

Ndipo nikashikwa na homa. Nilikwenda zamu, nikarudi, nikakaa mbele ya kompyuta na sweta langu, nikingoja kuulizwa. Ningeweza kusema mwenyewe, najua. Lakini nilitaka kuulizwa. Ukiumwa mbali na kwenu unarudi kuwa mtoto. Yeye akaniuliza kama kuku wameshakula.

"Wameshakula," nikasema, na machozi yakanitoka. Niliwaonea wivu kuku ambao hata hawapo.

Kesho yake, kabla ya isha, niliifungua kompyuta, nikavitoa vijiti vyake viwili nikavitia kwenye mkebe wa karafuu, nikarudisha kile cha zamani cha gigabaiti nane. Tukafungua shamba. Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Mbona imekwama? Si n'shakuwekea thelathini na mbili?"

"Sijui."

Akashusha pumzi. Nikakisikia kiti chake kibovu kikilia, ameegemea. Kiduara kinazunguka.

"Haya," akasema, na sauti yake ilikuwa imetulia. "Umeshindaje, mke wangu?"

Nikamwambia naumwa. Kuku walipotoka bandani hakuna aliyewaangalia.